Jani la Isale na Nusu ya Diski

Koti jekundu lilikuwa limeshamhukumu Ndelilio kabla hakimu hajamtia machoni. Lilikutwa nyumbani kwake Masama, limetundikwa nyuma ya mlango, na nembo ya kampuni ya utalii kifuani. Na kwa kuwa Sylvanus, kijana wa Kibosho aliyekuwa mpagazi wa safari ile, alikufa kwa baridi kambi ya juu akiwa na sweta la shule na raba za turubai, kila mtu kituoni alikuwa ameshajumlisha. Mwongoza watalii kamnyima mpagazi koti, mpagazi kafa, koti liko kwa mwongoza watalii. Jalada lilitakiwa lifike kwa mwendesha mashtaka kesho asubuhi, kosa la kuua bila kukusudia, na Mkuu wa Upelelezi alikuwa amemwambia Inspekta Theodora kwamba imebaki saini yake tu.

Theodora hakuwa mtu wa kubakiza saini tu. Alikuwa na tabia ambayo wenzake waliiita ubishi na yeye aliiita kazi: hafungi jalada la marehemu kabla hajaenda kumwamkia mama wa marehemu. Ndiyo maana asubuhi hiyo, gari la polisi likiwa limekwama kwenye tope la Kibosho na dereva akilisukuma na wapita njia, yeye aliingia kwa miguu kwenye kihamba cha Mama Mektrida, shamba lililozunguka nyumba yake, akipita kando ya kaburi bichi katikati ya migomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani. Umechafuka."

"Ni njia yenu hii."

"Njia yetu iko hivyo tangu hujazaliwa. Kaa."

Mama Mektrida alimwekea bakuli la mtori mbele yake bila kumuuliza kama ana njaa. Theodora alikula vijiko viwili vitatu, kwa sababu kukataa kungekuwa kosa jingine, kisha akauliza kilichomleta. Je, Sylvanus aliondoka nyumbani na koti?

"Aliondoka na sweta. Nikamwambia chukua blanketi, akacheka. Akasema kampuni itampa kila kitu huko kwenye geti la mlima." Mama alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Lakini hayo yameisha. Mimi nimeshasamehe."

"Umemsamehe nani, mama?"

Mama Mektrida alielekeza kidevu ukutani. Pale chini ya picha ya Bikira Maria, kando ya rozari, palikuwa na jani refu la isale lililofungwa fundo, ncha yake ikianza kuwa njano.

Theodora aliweka kijiko chini. Alikuwa amelelewa huku huku mlimani, hakuhitaji kuelezwa. Isale ndilo linalopandwa mpakani mwa vihamba, na mwenye akili timamu haling'oi. Na ukimkosea mtu kosa zito, kosa ambalo maneno matupu hayalitoshi, unatuma watu wazima wampelekee jani la isale lenye fundo. Aliyekosewa hata kama moyo unawaka hakatai, na akishapokea, amesamehe. Wapo waliosamehe damu ya ndugu zao kwa jani hilo.

"Nani alilileta?"

"Antoni. Huyo huyo mwenye kampuni. Alikuja Jumapili baada ya misa, akasema ametumwa na yule kijana wa Masama. Kwamba amekiri kwake, analia, anaomba nimsamehe kuhusu lile koti. Nami nikapokea. Ningefanyaje?"

"Alikuja na nani?"

"Peke yake."

"Akasema nini tena?"

"Akasema jambo lililopokelewa isale halifukuliwi. Nisije polisi, nisiulizeulize, nimwachie Mungu." Mama alimtazama usoni. "Mbona umekunja uso hivyo?"

Theodora alikuwa amekasirika, na hakujisumbua kuficha. Kuna uongo ambao mpelelezi anauzoea, wa mtu kujitetea asifungwe. Lakini mtu kuchukua isale akalifanya kifuniko cha mdomo wa mama aliyefiwa, hilo hakuwa amewahi kuliona. Hata hivyo bado hakuwa na hakika, na hasira si ushahidi. Aliomba jani hilo alichukue kama kielelezo.

"Isale haliendi polisi," Mama Mektrida alisema. "Nimepewa mimi."

"Nikikuita, utakuja nalo mwenyewe?"

"Nikija nitakuja nalo."

*

Ndelilio alitolewa mahabusu akiwa peku, midomo bado imepasuka kwa baridi ya mlimani. Theodora alimketisha, akamwondolea askari mlangoni, akaanza bila salamu ndefu.

"Jumapili ulimtuma Antoni apeleke isale Kibosho?"

Mtu yule alimtazama kama aliyetukanwa.

"Afande, mimi niko humu tangu Jumamosi. Antoni sijamwona tangu nilipokamatwa. Na hata ningekuwa nje, isale mtu anampa bosi wake ampelekee? Angekwenda baba yangu na mzee wa ukoo wetu. Antoni si ukoo wetu, hata kanisa si moja. Halafu isale hutumwa na mwenye kosa. Mimi kama nimekiri, mbona nimekaa hapa siku zote hizi nakataa?"

"Koti?"

"La kwangu. Kampuni inatoa makoti kwa waongozaji tu. Wagumu," akasema, akitumia jina ambalo wapagazi wanajiita wenyewe, "wanapanda na walichotoka nacho nyumbani. Asubuhi ile, gari likishusha mizigo, nilimwambia Antoni kwamba huyu kijana hana nguo. Akanijibu mbele ya watu."

"Watu hao wameandika maelezo. Wote hawakusikia kitu."

"Wanataka kupanda tena, afande. Nani atawapa kazi wakisikia?"

"Na wewe ulisikia, ukampandisha."

Ndelilio aliinamisha kichwa. "Nilimpandisha," akasema.

Theodora aliliandika hilo nalo. Kisha akageuza ukurasa. "Umesema kwenye laptop yako kuna picha. Antoni aliileta hapa Jumanne kwa hiari yake. Haina picha hata moja."

"Zilikuwepo. Kulikuwa na mgeni mmoja, mzee Mholanzi, anapiga picha kila kitu, hata viatu vya watu. Tuliposhuka akanipa zote. Ijumaa jioni tuliziangalia nyumbani na mke wangu, Esther. Jumamosi nikaenda nayo ofisini, nikamfungulia Antoni, nikamwambia tazama marehemu alivyovaa. Akatazama. Akasema niiache, atakwenda kuzungumza na familia. Nikaiacha. Sijamaliza chai pale mgahawani, polisi hawa hapa."

"Ulizifunguaje?"

"Kama siku zote. Ukiiwasha, kabla ya kitu chochote, inakuuliza unataka ipi. Mstari wa chini ni wangu, wa juu ni wa mke wangu. Picha tuliziweka kwake, maana kwangu kumejaa virusi, kila mgeni anachomeka flashi yake."

"Inakuuliza."

"Kila ukiiwasha."

Theodora alikuwa ameiwasha laptop ile mara mbili wiki hiyo, na haikuwa imemuuliza chochote.

*

Aliifungua tena mezani kwake, akaisubiri. Haikuuliza. Iliingia moja kwa moja kwenye Windows, ikatoa ile picha ya kilima cha kijani na anga ya bluu, na kikapu cha taka pembeni ambacho nacho kilikuwa kitupu. Laptop ya mwongoza watalii, iliyokwaruzika hivi na kupoteza herufi mbili za kibodi, haina picha, haina barua, haina hata wimbo mmoja wa kwaya. Juzi wenzake walipoona utupu huo walisema Ndelilio ni mwongo. Leo Theodora aliona nyumba iliyofagiliwa baada ya wizi.

Aliandika amri aliyofundishwa kozini Dar es Salaam, ile inayoiambia kompyuta ijieleze, na yenyewe ikajieleza bila aibu. Windows hii ilikuwa imewekwa Jumatatu asubuhi. Jumatatu asubuhi Ndelilio alikuwa anakula uji wa mahabusu. Na kwenye nafasi ya jina la mmiliki hapakuwa na Ndelilio wala Antoni. Paliandikwa: Ronald Kompyuta, Kiboriloni.

Jambo la tatu alilipata alipoipindua laptop kutafuta namba zake za kiwandani. Kibandiko cha chini kilisema diski yake, pale inapotunza kila kitu, ni ya giga arobaini. Akaipindua tena, akafungua, akasoma. Windows ilikuwa inajisifu kuwa na giga kumi na nane.

Theodora alikaa akilitazama hilo. Ukiuziwa kihamba cha ekari moja, ukapima ukapata nusu, huendi kulia kwamba ardhi imeyeyuka. Unatafuta masale yamepandwa wapi na ng'ambo yake analima nani.

Mkuu wa Upelelezi alichungulia mlangoni. "Bado hujasaini?"

"Bado, mkuu. Kuna nusu haijaonekana."

"Nusu ya nini?"

"Ya ushahidi."

"Theodora, Antoni ni mtu anayeheshimika mji huu."

"Ndiyo, mkuu. Nitamwita kwa heshima."

Mkuu akaenda zake.

Kiboriloni siku hiyo ilikuwa siku ya soko, na duka la Ronald lilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya mitumba na ndizi mbivu. Ronald mwenyewe, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi, hakuinua kichwa.

"Karibu. Printa au virusi?"

Theodora aliweka laptop juu ya meza, kisha kitambulisho chake juu ya laptop.

"Hii sijawahi kuiona," Ronald alisema, upesi kuliko alivyoulizwa.

"Ina jina lako ndani, mangi."

Kijana alivua miwani, akaivaa. "Naandika jina kwenye kila ninayoipiga Windows. Ni tangazo, afande. Wateja wanalionaga."

"Na mimi nimeliona. Nani aliileta?"

"Bosi Antoni. Alisema ni ya ofisini kwake, imeingiliwa na virusi, futa kila kitu usibakize hata herufi. Nikaipiga mpya."

"Hakusema ni ya mtu aliye mahabusu?"

"Angesema ningeigusa?"

Hilo Theodora alilipima, akaliacha lipite. "Ulifuta kila kitu."

"Kila kitu."

"Giga zote arobaini?"

Ronald aligeukia mlangoni. Nje mama mmoja alikuwa anagombana na mteja juu ya mkungu wa ndizi.

"Nilifuta C, ile sehemu ya Windows," akasema hatimaye. "Kulikuwa na sehemu nyingine, Windows haikuitambua. Nikajua ni ile ya kiwandani, ya kurejeshea mashine ikiharibika. Ile haiguswi."

"Ya kiwandani huwa kubwa hivyo?"

"Sikuangalia ukubwa. Jamaa alikuwa amesimama hapo hapo ulipo wewe, ananiuliza tayari, tayari, tayari. Nikamwambia tayari."

"Unaweza kunifungulia?"

"Mimi mtu wa Windows, afande. Hiyo itakuwa ya watu wa Linux, mfumo mwingine kabisa. Nikiigusa naweza kuiharibu kweli."

Theodora aliandika maelezo yake, akamsomea, kijana akatia saini. Haraka ya Antoni ndiyo iliyokuwa imeiokoa ile nusu. Njia ya mwongo ni fupi, na huyu alikuwa ameipita mbio.

*

Aliporudi kituoni alimwagiza Koplo Yohana wa kaunta atume mtu Masama akamwite mke wa Ndelilio.

"Yupo, afande," Koplo alisema. "Si yule pale kwenye benchi?"

"Tangu lini?"

"Anakuja kila siku tangu Jumanne. Alisema anajua mambo ya hiyo kompyuta. Nikamwambia mke wa mtuhumiwa hana ushahidi."

Theodora alimtazama Koplo mpaka Koplo akatafuta kalamu ambayo haikupotea. Hakumfokea, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amepita mbele ya benchi lile asubuhi na jioni, akaona mwanamke mwenye mkoba mapajani, akadhani ni wa kesi nyingine. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, na hapa hata nafasi ya kusikilizwa hakupewa. Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye benchi.

"Wewe ndiye Esther?"

"Ndimi. Nafundisha sekondari huko Masama." Mwanamke alisimama. Ndani ya mkoba hakukuwa na chakula cha mahabusu kama wengine. Kulikuwa na sidii ndani ya jaketi la karatasi la rangi ya hudhurungi. "Nimekuwa nikisema tangu Jumanne, afande. Nimechoka kusema."

"Niambie mimi. Taratibu."

Walikaa mbele ya ile mashine, na Koplo Yohana akaamriwa asimame nyuma yao kama shahidi, aandike kila kinachoguswa. Esther alieleza kwa sauti ya mtu aliyezoea darasa.

"Diski ni moja, mimi niliigawa. Huku nikamwachia mume wangu Windows yake. Huku nikaweka Linux yangu. Mashine inaendesha mfumo mmoja kwa wakati, ndiyo maana mlangoni inakuuliza unaingia kwa nani. Na Windows haisomi ng'ambo. Inaona kuna mpaka, basi."

"Masale."

"Masale hasa." Kwa mara ya kwanza Esther alitabasamu kidogo. "Aliyeipiga Windows upya amevunja ule mlango wa kuuliza, akaweka mlango unaokwenda upande mmoja tu. Kwa hiyo ukiwasha unadhani nyumba ina chumba kimoja."

"Sitaki kitu chochote kiandikwe kwenye diski. Hata alama."

"Haitaandikwa. Sidii hii inawasha mashine yenyewe, inasoma tu. Nililetewa kwa posta, bure, hata stempu sikulipia."

Aliiingiza. Laptop ilinguruma, ikafikiri muda mrefu kiasi cha Koplo kuhama mguu, kisha ikafunguka kwa rangi nyingine kabisa, ya udongo. Esther aliingia ng'ambo ya mpaka kwa vidole viwili. Kulikuwa na mitihani ya kidato cha pili, nyimbo za kwaya, picha za ubatizo. Na chini, folda moja: Mzee wa Uholanzi.

Picha zilikuwepo zote. Ndelilio na koti lake jekundu, siku ya kwanza kabisa, kabla hawajapita geti. Nyuma yake Sylvanus na sweta lake, kikapu kichwani, meno nje. Theodora alizipitia moja moja. Mwisho kulikuwa na kipande cha video. Mzee Mholanzi alikuwa anapiga wingu likiondoka juu ya kilele cha Kibo, na kwa kuwa hakujua Kiswahili, aliacha kamera isikilize yaliyokuwa yanasemwa nyuma yake.

Theodora alikisikiliza mara moja. Esther alikuwa ameziba mdomo.

"Hiki hatukukifungua," Esther alisema. "Tuliangalia picha tu. Tulidhani ni wingu."

"Koplo," Theodora alisema, "gari liende Kibosho kwa Mama Mektrida. Mwambie namwita. Halafu mpigie Bwana Antoni, mwambie ile laptop aliyoileta iko tayari."

*

Antoni aliingia na koti la suti na harufu nzuri, akamkuta Mama Mektrida kwenye kiti cha pembeni, amejifunika khanga. Alisita, kisha akajirekebisha kama mtu aliyezoea kupokelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Inspekta, mama wa watu ameshasamehe. Mnamsumbulia nini?"

"Kaa, Bwana Antoni. Maswali machache tu, ili tumalize." Theodora alivuta karatasi. "Lile isale ulitumwa na nani?"

"Na Ndelilio. Nilishasema."

"Alikutumaje?"

"Alinipigia simu Jumapili asubuhi. Analia."

"Simu yake iko kabatini humu, imezimwa, tangu Jumamosi. Nitaandika hivyo hivyo kwamba alikupigia?"

Antoni alikohoa. "Alituma mtu. Sikumbuki jina."

"Tuache. Koti la Sylvanus, kampuni ilimpa?"

"Nilimpa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Jekundu. Mwongozaji akamnyang'anya huko juu. Mnalo humu ndani, mnataka nini zaidi? Mimi ndiye ninayewapa vijana wa Kibosho kazi, dada yangu. Bila mimi wangekuwa wanakaa chini ya kahawa isiyonunulika."

"Nimeandika," Theodora alisema. "Kwa mikono yako hii."

Akageuza laptop imwelekee. Antoni aliitambua, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejua sanduku ni tupu. Theodora akabonyeza.

Wingu likaanza kutembea juu ya Kibo. Upepo ukapiga kamera. Kisha sauti ya Ndelilio, karibu kabisa: "Bosi, huyu hana koti. Simpandishi hivi."

Na sauti ya Antoni, ile ile iliyoingia mlangoni na shikamoo: "Humpandishi? Basi vua lako umpe, ushuke wewe. Hapo getini vijana wamejaa wanangoja kazi yako. Akifa baridi huyu, watabaki wengi."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaoogopa. Halafu ikaja sauti ya tatu, changa, yenye haraka ya kumaliza ugomvi.

"Niko sawa, bosi. Mimi sisikii baridi. Twendeni."

Wingu likapita, mlima ukawa wazi, video ikaisha.

Mama Mektrida hakulia. Aliinama kuelekea laptop, akasema, "Huyo ni Sylvanus." Alisema hivyo kama anayemtambulisha mgeni.

Antoni alikuwa ameishika meza. "Hiyo ilifutwa," akasema. Ndipo akasikia alichokisema.

"Koplo, andika," Theodora alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na waliomjua walijua hiyo ndiyo mbaya. "Ulifuta nusu, Bwana Antoni. Ulikuwa na haraka. Mtoto wa mtu umempandisha na sweta la shule, akafa. Aliyekukataza ukamtia ndani. Halafu ukakata isale, ukafunga fundo, ukampelekea mama huyu kosa lako kwa jina la mtu mwingine, ili anyamaze. Hayo yote nina vifungu vyake vya sheria, isipokuwa hilo la mwisho. Na hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi."

Mama Mektrida alisimama. Alifungua pindo la khanga, akatoa lile jani, fundo bado limekaza, akalilaza juu ya meza mbele ya Antoni.

"Chukua lako."

"Mama," Antoni alisema, na sasa sauti ilikuwa imepasuka kweli, "basi lihesabu ni langu. Hilo hilo. Naomba."

"Ungelileta kwa jina lako ningelipokea. Umenifanya nimsamehe mtu ambaye hakunikosea hivyo, na wewe ukaenda kula." Alirudi nyuma hatua moja. "Hili limekauka. Isale huletwa bichi."

Antoni hakuligusa. Koplo Yohana alimpeleka kaunta, akamvua saa, mkanda na kamba za viatu kama ilivyo desturi, akanyoosha mkono kuchukua na koti la suti.

"Afande," Antoni alimgeukia Theodora, "humo ndani usiku kuna baridi."

Koplo alisimama, mkono hewani, akamwangalia inspekta.

"Mwachie koti," Theodora alisema. "Hapa hatuui mtu kwa baridi."

Ndelilio alitolewa, akasaini kitabu, akapewa mkanda wake na simu yake. Esther alimshika mkono. Walikuwa wanaelekea mlangoni walipomkuta Mama Mektrida amesimama kizingitini, na hapakuwa na njia nyingine ya kupita.

"Shikamoo, mama," Ndelilio alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye wa Masama."

"Ndimi."

"Nimesikia ulivyomwambia. Kwamba humpandishi."

Ndelilio angeweza kuitikia akapita. Mkewe alikuwa anamvuta. "Lakini nilimpandisha, mama," akasema. "Nilijua hana koti, nikampandisha."

Mama Mektrida alimwangalia sana. Alikaza khanga mabegani, maana jua lilikuwa limeshashuka na huko juu Kibosho kutakuwa na ukungu.

"Jumapili baada ya misa niko nyumbani," akasema. "Njoo na baba yako."